Nyaya tatu za njano: kisa cha CBR600F ya mwaka 1997

Pikipiki ilizimika saa moja na robo usiku, tumeshapita Mlandizi, Daraja la Ruvu bado. Haikuzimika ghafla. Kwanza mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ulianza kurukaruka kama umepagawa, huku injini yenyewe ikizunguka vizuri tu. Kisha mwanga wa taa kubwa ukafifia, ukawa wa manjano kama wa kibatari. Nikadhani ni wadudu wamejaa kwenye kioo. Dakika chache baadaye kila nilipoisukuma kupita 6,000 ikawa inakohoa, halafu dashibodi nzima ikazima. Nikabaki juu ya chuma cha zaidi ya kilo 200 kinachoserereka kimya kwenye barabara ya Morogoro, na nyuma yangu naona taa za malori mawili.

Mdogo wangu alikuwa anafuata na pikipiki yake. Aliposimama kitu cha kwanza alichosema ni: "Kaka, hata taa ya nyuma ilikuwa haiwaki. Nilikuona kwa taa yangu tu. Shuka tuitoe barabarani kwanza."

Naandika kisa hiki chote, na namba zake zote, kwa ajili ya maneno hayo ya mdogo wangu. Pikipiki ya zamani ikigoma kuwaka nyumbani, hilo ni usumbufu. Ikizimika taa zote usiku mbele ya semi-trela, hapo maisha ya mtu yapo hatarini. Na ugonjwa ulioizima yangu ni ugonjwa unaojulikana sana kwa wenye pikipiki za spoti za Kijapani za miaka ya 1990, za 400 hadi 750 cc, karibu kila kampuni. Mimi nilichelewa kuujua kwa sababu kila niliyemuuliza alinitajia kitu cha kubadilisha, na hakuna aliyepima.

Pikipiki yenyewe ni Honda CBR600F, ya kizazi kilichotoka 1995 hadi 1998 ambacho watu hukiita F3. Jina la CBR600F lilianza 1987. F2 ikaja 1991, kisha hii yangu, na mwaka 1999 fremu ya chuma ikaachwa, ikaja ya alumini. Kwa hiyo F3 ni ya mwisho yenye fremu ya chuma. Silinda nne, 599 cc, vali 16, kabureta nne, hupozwa kwa maji. Mtu aliyeizoea Boxer akiipanda mara ya kwanza hushangaa kitu kimoja: huku chini imetulia kabisa, unaweza kwenda nayo sokoni. Ukivuka 8,000 sauti inabadilika, na hapo ndipo unaelewa kwa nini mtu mzima mwenye familia anaweza kuuza gari akabaki na pikipiki.

Niliinunua Kigamboni. Mwenyewe alikuwa amesafiri, ikakaa karibu miaka mitatu chini ya turubai, nyumba ikiwa karibu na bahari kiasi kwamba usiku unasikia mawimbi. Mita ilisoma kilomita 41,000. Nilifurahia sana namba hiyo. Siku hizi naisoma kwa jicho jingine. Kilomita zinaeleza chuma kimesagika kiasi gani: pistoni, gia, beringi. Hazielezi kitu kuhusu mpira, plastiki na shaba, na hivyo ndivyo vinavyozeeka pikipiki ikiwa imesimama. Tairi zilikuwa na kashata nzuri kabisa, ila ubavuni mna namba 2211, yaani zilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2011. Zilikuwa ngumu kama soli ya kiatu cha jeshi. Nilizibadilisha kabla sijaipanda. Kabureta zilifunguliwa, zikasafishwa petroli iliyoganda, oili ya breki iliyokuwa nyeusi kama chai ya rangi ikamwagwa. Hayo yote yalikwenda vizuri na sina malalamiko.

Cha umeme sikukigusa. Iliwaka, taa zilikuwa kali, tena mwenye nayo alikuwa amefunga spotilaiti mbili za mbele za wati 55 kila moja, zikadandiwa kwenye waya wa taa kubwa. Nikaziona kama nyongeza ya bure.

Kabla ya kuendelea lazima nieleze umeme wa pikipiki hizi unavyotengenezwa, maana bila hilo kisa hakieleweki.

Gari lina alteneta (mashine ya kuzalisha umeme) ambayo regileta yake, yaani kidhibiti umeme, inaweza kuipunguzia nguvu: umeme ukizidi, sumaku inalegezwa. Pikipiki ya aina hii haina ujanja huo. Ina sumaku za kudumu zinazozunguka pamoja na krenki, zikizunguka koili iliyofungwa ndani ya kifuniko cha injini, ile ambayo mafundi wetu huiita koili ya magineti. Sumaku ya kudumu haizimwi. Injini ikizunguka kwa kasi, volti zinapanda tu, utake usitake. Kutoka kwenye koili hutoka nyaya tatu, na kwa Honda ni za njano, zikibeba umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo kila mara) wa fezi tatu. Zinapita kwenye soketi moja ya plastiki, zinaingia kwenye regileta. Huko ndani zipo diodi za kuugeuza uwe DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), na kipo kifaa cha kulinda betri isipate zaidi ya volti 14 na kidogo. Na kinalindaje? Kwa kuushotisha ule wa ziada urudi kwenye koili ulikotoka.

Hapo nilisimama nikafikiri sana nilipoelezwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba hata ukizima taa zote, koili haipumziki. Umeme usiotumika unazungushwa na kugeuzwa joto, ndani ya koili, ndani ya regileta, na kwenye ile soketi inayounganisha viwili hivyo. Saa zote injini inapowaka, nyaya tatu za njano ziko kazini kikamilifu. Kwa pikipiki mpya, pini za soketi zinang'aa na zinabana, kwa hiyo hakuna shida. Kwa pikipiki iliyokaa miaka mitatu kwenye upepo wa chumvi, pini zimefanya ukungu wa kijani. Ukungu huo ni ukinzani. Hata ukiwa mdogo, sehemu moja ya kumi ya omu, umeme wa ampea 15 ukipita hapo unazaa joto la zaidi ya wati 22. Hiyo ni pasi ndogo ya kulehemu, imewashwa ndani ya plastiki, chini ya mkia wa pikipiki yako, muda wote unaoendesha.

Sasa turudi kwenye kisa.

Wiki tatu kabla ya Ruvu, pikipiki iligoma kuwaka asubuhi. Betri ilikuwa imekufa. Ilikuwa ya zamani, haikunishangaza, nikanunua mpya kwa shilingi 145,000 na nikasahau habari hiyo. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kisa chote, kwa sababu pikipiki ilishaniambia, nami sikuuliza. Betri kufa ni matokeo. Mpya nayo ilianza kuliwa polepole: asubuhi stata inazunguka kivivu, siku nikienda mbali kidogo inachangamka, nikikaa kwenye foleni ya mjini inadhoofika tena.

Safari ya Ruvu ilimalizia kilichobaki. Tulitoka Dar jioni, foleni hadi Kibaha, feni ya rejeta ikiwaka na kuzima. Kisha vijiji kwa vijiji kwa kasi ya 50, maana trafiki wa barabara ile na tochi zao hawana utani, na kwa kasi hiyo injini ya 600 inazunguka chini sana. Giza lilipoingia nikawasha spotilaiti. Wati 110 kwa volti 12 ni ampea tisa hivi. Betri yangu ilikuwa ya ampea-saa 8. Kama chaji haiingii vizuri, hesabu yake haizidi saa moja, na ndivyo ilivyokuwa.

Tuliirudisha Dar kwa Kenta, 120,000.

Fundi wa kwanza ni kijana hodari ninayemheshimu hadi leo. Injini ya Boxer anaifungua na kuifunga huku anaongea na simu. Alisikiliza maelezo yangu, akasema, "Bosi, hiyo ni regileta tu, imekufa." Na alikuwa amepatia! Regileta ilikuwa imekufa kweli. Tatizo likaja kwenye dawa. Regileta ya F3 haikupatikana Kariakoo siku ile, na mimi nilikuwa na haraka, nikamwambia afanye anavyoweza. Akaweka ya pikipiki ya 150 cc yenye nyaya nne: mbili za kuingiza, moja ya kutoa, moja ya ethi (njia ya umeme kurudi). Nyaya za njano ziko tatu. Akaunga mbili, ya tatu akaizungushia tepu.

Pikipiki ikawaka. Taa zikawa kali kuliko zamani, na nilimsifu. Regileta ilikuwa 25,000, kazi 30,000.

Siku ya kumi na moja balbu ya taa kubwa iliungua. Nikaweka nyingine, 15,000. Siku ya kumi na nne nilisikia harufu ya mayai yaliyooza nikiwa nimesimama kwenye taa za barabarani. Niliangalia pembeni nikifikiri ni mtaro. Harufu ilikuwa inatoka chini ya makalio yangu: betri ya wiki chache ilikuwa imevimba mbavuni, imechemka. Ile regileta ndogo ilikuwa imezidiwa, sehemu yake ya kushotisha umeme wa ziada imeungua, na sasa kila kilichotoka kwenye koili kilikwenda moja kwa moja kwenye betri.

Wengi hapo wangeiuza. Niliambiwa na watu watatu tofauti kwamba koili ya magineti imekufa, injini ifunguliwe ubavuni, koili ipelekwe ikazungushwe upya. Mmoja alisema ni "mfumo mzima", neno ambalo fundi akilitumia ujue ameishiwa. Kilichoniokoa ni jirani aliyenipeleka kwa mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar, fundi umeme wa magari, ambaye pikipiki kubwa hazigusi mara nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imeshakula nini mpaka sasa?"

Nikamtajia: betri, regileta, balbu, betri. Akauliza nani amepima. Nikanyamaza. Hakusema neno, akavuta kigoda, akavaa miwani, akatoa mita.

Saa mbili zilizofuata nilijifunza zaidi ya miaka yangu yote ya kuendesha, kwa hiyo nitakwenda taratibu hapa.

Alianza na betri injini ikiwa imezimwa: 12.1. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma 12.6 hadi 12.8, kwa hiyo hii ilishakuwa mgonjwa. Akaniambia niwashe. Kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kuongezewa mafuta, 13.1. "Panda polepole." Nikapandisha. 14, 15, na kabla mshale haujafika 4,000 mita ilisoma 16.9. "Zima! Zima, mwanangu!" Niliizima. Akatingisha kichwa, akachomoa ile regileta ndogo, akaiweka kwenye ndoo ya vyuma chakavu bila kuniuliza.

Kisha koili. Kwanza akapima omu kati ya nyaya za njano, jozi zote tatu. Zote zilisoma karibu sawa, chini ya omu moja. Akapima kila moja na bodi ya injini: hakuna mawasiliano. Hilo ni muhimu kupita yote. Waya wa njano ukigusana na bodi ujue koili imeungua, hapo hakuna mjadala. Yangu haikugusana. Akaniambia niwashe na nishike 3,000, akapima volti za AC: 38, 38, 37. Jozi tatu, zinalingana.

Nikashusha pumzi. "Kwa hiyo koili ni nzima?"

"Mita hainywi umeme," akasema. "Bomba lililoziba hata nalo maji yanafika mwisho, kama hakuna anayechota. Tukamchotee."

Akaleta balbu mbili za lori, za volti 24 na wati 70, ameziunga moja nyuma ya nyingine na klipu za mamba mwishoni. Hiki ni kifaa cha kujitengenezea, na sijawahi kuona chombo cha dukani kilichonifumbua macho kama hiki. Akabana klipu kwenye soketi upande wa regileta, jozi ya kwanza. Nikashika 3,000. Balbu zikawaka vizuri, zimetulia. Akahamia jozi ya pili, iliyohusisha waya wa tatu. Balbu zikawa nyekundu kama sigara, zikawa zinacheza. Jozi ya tatu, hivyohivyo. Bila mzigo zilisoma 38. Zikiwa na mzigo, waya wa tatu uliporomoka hadi 12, mara 9, mara 15.

Akaondoa klipu kwenye soketi, akamenya waya kidogo upande wa nyuma yake, unakotoka kwenye injini, akabana hapo. Jozi zote tatu zikawaka sawa.

Ugonjwa ulikuwa umebanwa ndani ya sentimita tatu.

Aliitenganisha soketi kwa bisibisi maana ilikuwa imegandana. Upande wa nje ilikuwa nyeupe, imechafuka tu kwa vumbi, na ndiyo maana mimi na wengine tuliiangalia tukaipita. Ndani, tundu moja lilikuwa la kahawia, plastiki imeyeyuka ikalala juu ya pini, na pini yenyewe ilikuwa nyeusi, ina magamba. Mbili nyingine zilikuwa na ukungu wa kijani. Waya wa ile pini mbaya ulikuwa umekakamaa kwa urefu wa kidole. Alipoukunja ganda lake lilivunjika kama tambi kavu. Alinipa mkononi. Ilinuka kama samaki wa makopo aliyeungulia kwenye sufuria.

Mpaka hapo nilikuwa na nadharia yangu, na niliitoa kwa kujiamini: spotilaiti ndizo zilizoichoma. Mzee alikataa, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike ule ufafanuzi wa mwanzo. Nyaya za njano zinabeba mzigo uleule taa zikiwaka au zisiwake, kwa sababu usiotumika unashotishwa na kurudi kupitia palepale. Spotilaiti zilichangia kumaliza betri, na ndiyo maana tulilala njaa Ruvu. Soketi ilichomwa na chumvi na umri. Kama angekubali nadharia yangu, tungeondoa spotilaiti, pikipiki ingepata nafuu ya mwezi mmoja, na ningekuja kuzimikiwa mahali pengine pabaya zaidi.

Kilibaki kitu kimoja ambacho sikuwa nimesikia mtu akikitaja: njia ya kurudi. Tulipofunga regileta ya kujaribia, alipima volti kati ya waya wa kijani wa regileta na ncha hasi ya betri, taa zikiwa zimewashwa. Kwenye waya mzima inapaswa kuwa karibu na sifuri. Tulipata 0.9. Karibu volti nzima ilikuwa inapotelea kwenye ethi, kwenye kiungo fulani ndani ya tepu za kiwandani za miaka 27. Regileta inalenga volti 14 na kidogo pale ilipo. Betri ikawa inapata 13 na ushee. Hata ningeweka regileta mpya ya gharama yoyote, betri isingeshiba.

Matengenezo yenyewe hayana maajabu. Soketi ilikatwa ikatupwa. Nyaya za njano zilirudishwa nyuma mpaka kwenye shaba inayong'aa, zikabanwa na vifundo vya shaba kisha zikalehemiwa, zikavikwa mpira wa kusinyaa. Mimi nilitaka soketi mpya isiyopitisha maji, ili siku moja ikihitajika kufungua ifunguke. Mzee alishikilia kwamba kiungo kisichofunguka hakiingii chumvi. Wapo watakaosema kulehemu kunakakamaza waya na mtikisiko unaukata pale risasi inapoishia, na ni kweli. Ndiyo maana alizifunga nyaya kwenye fremu kwa hatua mbili ili zisicheze. Naona alifanya sawa kwa mji wa pwani. Aliye Iringa au Arusha anaweza kuchagua soketi.

Regileta tuliyoweka ni ya Shindengen, FH020AA, ya zamani kutoka kwenye pikipiki iliyopata ajali, 160,000. Hii inatumia mosfeti badala ya thairista za zamani (zote ni swichi za kielektroniki). Bado inashotisha, lakini yenyewe hubaki na joto dogo zaidi wakati wa kufanya hivyo. Ni kubwa kuliko ya asili, haikuingia mahali pake, ikafungwa pembeni kwenye kibati cha alumini ambako upepo unafika. Ukiitafuta, angalia maandishi yamechorwa wapi na uzito wake mkononi, kwa sababu zinazofanana nayo sura ni nyingi kuliko zenyewe. Waya mpya mnene wa ethi ulivutwa kutoka regileta moja kwa moja hadi ncha hasi ya betri, na wa chanya vilevile, ukiwa na fyuzi ya ampea 30 karibu na betri. Spotilaiti nilizitoa kwa hiari yangu. Nyaya, vifundo na fyuzi 28,000. Kazi ya mzee 60,000. Betri nyingine tena, 145,000.

Ukijumlisha yote tangu betri ya kwanza ni 728,000. Ambayo ingehitajika kama ningepima mapema, yaani siku ile stata ilipoanza uvivu: 248,000, na betri ile mpya ingekuwa hai hadi leo. Hofu ya Ruvu siihesabu.

Sitaki msomaji amlaumu yule fundi kijana. Pikipiki anazotengeneza kutwa nzima zina umeme mdogo, spea zake ziko kila kona, na kwa biashara yake kubadilisha regileta ya 25,000 na kuangalia kitakachotokea ni haraka kuliko kupima. Mazoea hayo ni sahihi kwa bodaboda. Kwa pikipiki ambayo spea yake moja unaitafuta wiki mbili, na ambayo kosa la regileta linaua betri na balbu, mazoea hayo ni hasara. Kosa la kumpa kazi hiyo nikiwa na haraka lilikuwa langu, na sikumpeleka hata hadithi nzima: sikumwambia kuhusu betri ya kwanza, wala kuhusu ile miaka mitatu ya Kigamboni.

Kwa aliye na CBR, FZR, GSX-R, ZZR au yoyote ya rika hilo, wikiendi hii fungua mkia uitafute ile soketi ya nyaya tatu. Usiiangalie kwa nje. Ichomoe uone ndani ya matundu. Baada ya kuendesha nusu saa iguse kwa mgongo wa kidole: vuguvugu ni sawa, ya kukufanya uvute mkono si sawa. Mita ya umeme ya bei nafuu inatosha kwa vipimo vyote vilivyomo humu, na ile taa ya majaribio unaweza kuiunga mwenyewe kwa balbu za lori zilizotumika.

Kabla hajanipa funguo, mzee alibandika kipande cha tepu nyeupe chini ya kiti, akaandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe na namba nne: betri imelala, 12.7; sailensa na taa, 13.6; kwenye 5,000, 14.2; ethi, 0.06. Akasema kila mwezi niandike mstari mpya chini yake, na nikiona ya tatu inashuka chini ya 13.8 nisisubiri, nimpelekee.

Mpaka sasa ni mistari mitano. Wa mwezi huu niliuandika Mlandizi kituo cha mafuta, saa mbili usiku, injini ikiwaka na mdogo wangu akinimulikia kwa simu: 12.7, 13.6, 14.1, 0.06. Nikafunga kiti, tukaingia barabarani kuelekea Chalinze.